DERS, DERS-16, ERQ au CERQ? Kuchagua kipimo cha ugumu wa kudhibiti hisia kwa wanafunzi wa chuo kikuu

Mtafiti au mshauri nasaha anayetaka kujua wanafunzi wa chuo kikuu wanapata shida kiasi gani katika kudhibiti hisia zao hukutana na madodoso mengi ambayo majina yake yanakaribiana, lakini yanayopimwa ndani yake yanatofautiana sana. Hapa nayalinganisha yale yanayotumika zaidi: DERS (Difficulties in Emotion Regulation Scale, kipimo cha ugumu wa kudhibiti hisia) yenye kauli 36, matoleo yake mafupi ya kauli 16 na 18, ERQ (Emotion Regulation Questionnaire, dodoso la kudhibiti hisia) yenye kauli 10, na CERQ (Cognitive Emotion Regulation Questionnaire, dodoso la kudhibiti hisia kwa njia ya mawazo) yenye kauli 36. Ninaandika nikimfikiria mwanafunzi wa uzamili ambaye amefika sura ya tatu ya pendekezo lake la utafiti na anatakiwa kutetea kipimo alichokichagua, na pia mshauri wa wanafunzi anayetaka dodoso la kumsaidia mezani kwake. Msingi wa ulinganisho wangu ni mmoja: kipimo kichaguliwe kulingana na uamuzi utakaofanywa kwa alama zake, kwa sababu dodoso linalofaa kwa utafiti wa wanafunzi mia nne linaweza kumpotosha mshauri aliyeketi na mwanafunzi mmoja.

Ugumu na mazoea havipimwi pamoja

Tofauti kubwa kuliko zote iko kati ya madodoso yanayouliza kuhusu ugumu na yale yanayouliza kuhusu mazoea. DERS na matoleo yake humuuliza mtu anakwama wapi hisia nzito zinapomjia: je, anashindwa kuzielewa, anajilaumu kwa kuwa nazo, anashindwa kuendelea na kazi, au anafanya mambo kwa pupa? ERQ na CERQ huuliza jambo jingine, yaani mtu huyo amezoea kufanya nini na hisia au mawazo yake. Mwanafunzi anaweza kuwa na mazoea fulani bila kuwa na ugumu wowote, na mwingine akawa na ugumu mkubwa huku akitumia mbinu zinazosifiwa vitabuni, ila anazitumia pasipofaa. Kwa hiyo tasnifu yenye kichwa kinachotaja ugumu wa kudhibiti hisia, halafu ikatumia ERQ peke yake, imepima kitu ambacho kichwa chake hakikutaja. Kosa hili ni la kawaida, na wasimamizi wa tasnifu wangefanya vyema kulikamata mapema, kabla data hazijakusanywa.

DERS ya kauli 36

Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 2004 na Kim Gratz na Lizabeth Roemer, na tangu mwanzo kilijengwa kwa kutumia wanafunzi wa chuo kikuu. Sampuli yao ilikuwa ya wanafunzi 357 wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Boston, wanawake 260 na wanaume 97. Hiyo ni sababu nzuri ya kukifikiria kwanza pale walengwa wanapokuwa wanafunzi, ingawa haitoshi kudai kwamba kitafanya kazi vilevile Morogoro au Eldoret.

Kauli zake 36 zimegawanyika katika vipengele sita. Kutokuzikubali hisia zako kuna kauli 6, kushindwa kutekeleza malengo ukiwa na hisia nzito kuna kauli 5, kushindwa kujizuia kuna kauli 6, kutozitambua hisia kuna kauli 6, kukosa mbinu za kujituliza kuna kauli 8, na kutozielewa hisia kwa uwazi kuna kauli 5. Kila kauli hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 5, na namba hizo zimefungwa kwenye asilimia za wakati: 1 ni asilimia 0 hadi 10, 2 ni 11 hadi 35, 3 ni 36 hadi 65, 4 ni 66 hadi 90, na 5 ni 91 hadi 100. Jumla huanzia 36 na kuishia 180, na alama zikiwa juu zinaashiria ugumu zaidi. Kauli zote zilichapishwa ndani ya makala ile ya kwanza, jambo linalomrahisishia kazi mtafiti asiye na bajeti kubwa.

Uthabiti wa ndani wa jumla ya DERS, yaani jinsi kauli zake zinavyoshikamana, ulikuwa mzuri sana katika utafiti huo, alfa ya Cronbach (kipimo cha uthabiti huo, kizuri zaidi kikikaribia 1) ikiwa 0.93. Uthabiti wa muda, yaani kama watu walewale wakipimwa tena wanapata alama zinazoendana, nao uliripotiwa kuwa 0.88 baada ya wiki nne hadi nane, lakini takwimu hiyo ilitokana na wanafunzi 21 tu, na ningependa kila anayeinukuu ataje idadi hiyo palepale. Kwa upande wa uhalali, alama za DERS ziliendana na mambo mazito maishani mwa wanafunzi hao, ikiwamo tabia ya kujidhuru kwa makusudi.

Nguvu halisi ya DERS kamili iko katika vipengele vyake, na ili nguvu hiyo ionekane, tuchukue wanafunzi wawili wa mfano. Wa kwanza amepata 24 kwenye kutokuzikubali hisia, 20 kwenye malengo, 8 kwenye kujizuia, 10 kwenye kutozitambua hisia, 28 kwenye kukosa mbinu na 8 kwenye uwazi. Wa pili, kwa mpangilio huohuo, amepata 10, 15, 26, 20, 15 na 12. Wote wawili wana jumla ya 98. Hata hivyo, wa kwanza anajua vizuri anachohisi, ila anajichukia kwa kukihisi, na ikifika jioni hasomi tena. Wa pili hajilaumu sana, lakini akikorofishwa hujikuta ametenda kabla ya kufikiri. Mshauri anayeiona 98 peke yake angewapangia vikao vinavyofanana, na pengine angekosea kwa wote wawili. Ndiyo maana, kwa kazi ya ushauri wa mtu mmojammoja, nashikilia DERS kamili hata kama inachukua muda zaidi, na namsihi mshauri asome vipengele kabla ya kuangalia jumla.

DERS kamili ina udhaifu wake, na mkubwa unajulikana vizuri. Kipengele cha kutozitambua hisia hakiendani vyema na vingine vitano, na hilo limejitokeza katika tafiti nyingi. Mwaka 2018 Hallion na wenzake walilinganisha DERS na matoleo yake mafupi kwa watu wazima waliokuwa wakitafuta matibabu, na kipengele hicho kikaonekana tena kuwa mgeni ndani ya familia yake. Sababu moja inayotajwa ni ya kiufundi: kauli zote sita za kipengele hicho zimeandikwa kwa mwelekeo chanya na lazima zigeuzwe wakati wa kukokotoa, na kwa hiyo huenda zinashikamana kwa sababu ya namna zilivyoandikwa. Sababu nyingine, ambayo mimi naipa uzito zaidi, ni kwamba tunamwomba mtu aeleze ni kwa kiasi gani huziona hisia zake, wakati yule asiyeziona hana njia ya kujua ni zipi zimempita. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kujipa alama nzuri kwa unyoofu kabisa.

Kugeuza alama ndiko kunakoharibu data nyingi. Kauli 11 kati ya 36 zinageuzwa kwa kutoa jibu kutoka 6, yaani 5 inakuwa 1 na 2 inakuwa 4. Mwanafunzi aliyejibu 5 kwenye kauli zote sita za kuzitambua hisia zake anastahili alama 6 katika kipengele hicho, ambazo ni za chini kabisa. Mtafiti akisahau kugeuza, mwanafunzi huyohuyo ataandikiwa 30, za juu kabisa. Ukiona alfa ya kipengele imeshuka ghafla au imekuwa hasi, rudi kwenye hatua hii kabla ya kuwalaumu watafitiwa.

Matoleo mafupi: 16 au 18?

Mwaka 2016 yalichapishwa matoleo mafupi matatu. DERS-16 iliandaliwa na Johan Bjureberg na wenzake, akiwamo Gratz mwenyewe. DERS-SF iliandaliwa na Erin Kaufman na wenzake. Na DERS-18 ikaandaliwa na Sarah Victor na David Klonsky. Mawili ya mwisho yote yana kauli 18, tatu kwa kila kipengele, lakini kauli zilizochaguliwa si zilezile zote. Anayeandika kwamba alitumia DERS ya kauli 18 bila kutaja toleo anamwacha msomaji gizani, na anayefuata baadaye hawezi kulinganisha matokeo.

DERS-16 ilikiacha kabisa kipengele cha kutozitambua hisia, na pamoja nacho zikaondoka kauli zote za kugeuza. Vilibaki vipengele vitano: kauli 3 za kutokuzikubali hisia, 3 za malengo, 3 za kujizuia, 5 za mbinu na 2 za uwazi. Jumla yake ni kati ya 16 na 80, na uthabiti wake wa ndani ulikuwa karibu sawa na wa DERS kamili, alfa ikiwa 0.92. Kwa utafiti wa darasani ambamo mwanafunzi anajaza pia madodoso ya sonona, wasiwasi, usingizi na matumizi ya simu, kupunguza kauli 20 kunaleta nafuu kubwa. Mwanafunzi aliyechoka huanza kuzungushia namba moja kutoka juu hadi chini, na majibu ya aina hiyo hayaokolewi na takwimu yoyote.

Kati ya 16 na 18, mimi huchagua 16 pale panapohitajika alama moja ya jumla ya kuingiza kwenye rigresheni (hesabu ya kutabiri jambo moja kutokana na mengine) au kulinganisha makundi. Kukosekana kwa kauli za kugeuza ni faida ya kweli kwa watafitiwa wanaosoma katika lugha yao ya pili au ya tatu, kwa sababu kauli chanya zikichanganywa na hasi huwafanya wengi wajibu kinyume cha walichokusudia. Matoleo ya 18 yanafaa pale ambapo swali la utafiti linahitaji vipengele vyote sita lakini muda hautoshi kwa kauli 36. Hata hapo, ni vizuri kukokotoa jumla mara mbili, mara moja na kipengele cha kutozitambua hisia na mara moja bila hicho. Kuripoti vipengele vya DERS-16 kimojakimoja ni jambo ambalo singelishauri. Kipengele chenye kauli mbili, kama kile cha uwazi, hakina misuli ya kubeba hitimisho.

ERQ

James Gross na Oliver John walichapisha ERQ mwaka 2003, wakitumia sampuli nne za wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani, jumla yao 1,483. Kauli 6 zinapima kulitazama upya tukio ili hisia zibadilike, na 4 zinapima kuzuia hisia zisionekane nje. Majibu ni kuanzia 1 hadi 7. Alama ni mbili zinazojitegemea, na hakuna jumla ya ERQ. Anayezijumlisha zote kumi anaunda namba isiyo na maana. Uthabiti wa ndani katika sampuli hizo ulikuwa wastani wa 0.79 kwa sehemu ya kwanza na 0.73 kwa ya pili, na baada ya miezi mitatu uthabiti wa muda ukawa 0.69 kwa kila sehemu.

Uzuri wa ERQ ni ufupi na wingi wa tafiti za kulinganisha nazo. Tatizo lake kwa wasomaji wa makala haya liko kwenye sehemu ya pili. Vitabu vingi vya Marekani vinaichukulia tabia ya kuficha hisia kuwa yenye madhara, lakini ushahidi wenyewe umeonyesha kwamba jambo hili linategemea utamaduni. Butler, Lee na Gross walionyesha mwaka 2007 kwamba madhara ya kuficha hisia yalipungua kwa washiriki wenye maadili ya Kiasia, na mwaka 2011 Soto na wenzake wakakuta kwamba kuficha hisia kuliendana na hali mbaya ya kisaikolojia kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, lakini si kwa Wachina wa Hong Kong. Mwanafunzi wa pwani aliyelelewa kutomwonyesha mkubwa hasira yake, au aliyefundishwa kwamba machozi ya mwanaume hubaki chumbani, atapata alama za juu hapo bila kuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo alama za juu za kuficha hisia zisiandikwe kama ugumu mpaka mtafiti aonyeshe, ndani ya sampuli yake mwenyewe, kwamba zinaendana na sonona, wasiwasi au kushindwa masomo.

CERQ na vinginevyo

CERQ ya Nadia Garnefski, Vivian Kraaij na Philip Spinhoven, ya mwaka 2001 kutoka Uholanzi, inaangalia mawazo peke yake: mtu huwaza nini baada ya kupatwa na jambo baya. Ina mikakati tisa, kauli nne kwa kila mmoja, ikiwamo kujilaumu, kuwalaumu wengine, kulirudiarudia jambo akilini, kulikuza, kulikubali na kupanga la kufanya. Toleo fupi la mwaka 2006 lina kauli 18. Ni chaguo zuri kwa anayepanga mafunzo ya kubadilisha mawazo na anayetaka kuona ni wazo gani hasa limebadilika. Sehemu ya kulikubali jambo isomwe kwa uangalifu kwetu, kwa sababu mwanafunzi anayesema ni mapenzi ya Mungu anaweza kuwa ametulia kweli, na anaweza pia kuwa amekata tamaa. Dodoso haliwatenganishi hao wawili.

Kuna vipimo vingine vinavyostahili kutajwa kwa kifupi. S-DERS ya mwaka 2017, yenye kauli 21, hupima hali ya mtu kwa wakati ule anaojaza, na inafaa kwa majaribio ya maabara. DERS-P ya mwaka 2015, yenye kauli 13, inaangalia ugumu wa kudhibiti hisia za furaha, jambo ambalo DERS haligusi na ambalo lina uzito kwa anayechunguza ulevi au ngono zembe baada ya sherehe. PERCI ya mwaka 2018, yenye kauli 32, inagusa hisia nzuri na mbaya kwa pamoja.

Lugha na wakati wa kujaza

Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na wengi huona hiyo ni sababu tosha ya kugawa dodoso la Kiingereza. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Mwanafunzi anaweza kuandika insha nzuri ya uchumi kwa Kiingereza, ilhali ugomvi wake na mpenzi wake, simu ya nyumbani na maombi yake vyote viko kwa Kiswahili. Anayechagua Kiswahili apate tafsiri mbili zilizofanywa na watu wasioonana, azioanishe, mtu wa tatu arudishe kwa Kiingereza bila kuona asili, kisha wanafunzi wachache wasome kila kauli kwa sauti na kueleza wameelewa nini. Katika DERS hatua hiyo ya mwisho ni ya lazima, kwa kuwa kauli nyingi huanza kwa kutaja hali ya kuvurugika moyo. Ikitafsiriwa kama kukasirika, kipimo kizima kinageuka kuwa cha hasira, na wenye huzuni au hofu wanaachwa nje. Baada ya hapo muundo wa vipengele uchunguzwe upya kwa sampuli ya kutosha, walau wanafunzi mia mbili hadi mia tatu, na usawa wa kipimo kati ya wanawake na wanaume (yaani kwamba kauli zinapima kitu kilekile kwa makundi yote mawili) uthibitishwe kabla ya kutangaza kwamba kundi moja lina ugumu kuliko jingine.

Wakati nao una uzito. Dodoso lililojazwa wiki ya mitihani ya mwisho wa muhula, au wakati bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) limechelewa na wanafunzi wanakula mlo mmoja, litabeba hali hiyo hata kama maelezo yanaomba watu wafikirie maisha yao kwa ujumla. Tarehe za kukusanya data ziandikwe, na katika utafiti wa kabla na baada ya mafunzo, vipimo viwili visiangukie vipindi vinavyotofautiana kwa shinikizo.

Nani achukue kipi

Kwa tasnifu ya uhusiano kati ya ugumu wa kudhibiti hisia na sonona au ufaulu, nachagua DERS-16 na alama yake ya jumla. Kwa ofisi ya ushauri, DERS kamili, kwa kusoma vipengele. Kwa anayetaka kujua kama mafunzo yamebadilisha mazoea, ERQ au CERQ ziongezwe juu ya DERS-16 bila kuchukua nafasi yake. Kwa uthibitishaji wa tafsiri ya Kiswahili, anza na kauli zote 36, maana kutoka humo matoleo yote mafupi yanaweza kukokotolewa baadaye, ilhali aliyeanza na 16 hawezi kuzirudisha kauli 20 alizoziacha.

Hakuna kati ya hivi chenye kikomo cha alama kinachokubalika kila mahali, ambacho mtu akikivuka anahesabiwa kuwa mgonjwa. Mtafiti anayewagawa wanafunzi kuwa wa juu na wa chini kwa wastani wa sampuli yake aseme wazi kwamba mpaka huo ni wake. Vilevile, DERS haiulizi kuhusu mawazo ya kujiua. Wengi huiambatanisha na PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa, ambayo imeshatumika kwa Kiswahili nchini Kenya, na swali lake la tisa linagusa mawazo hayo moja kwa moja. Anayeziweka pamoja awe na mtu wa kusoma majibu ya swali hilo siku ileile, awe ameeleza kwenye fomu ya ridhaa kwamba jibu fulani litafanya mwanafunzi atafutwe, na awe amekubaliana mapema na ofisi ya ushauri nasaha nani atampokea, hata siku ya Ijumaa jioni.